Kupitia kwa Mkuu wa Kituo

Evelina Matonya alirudi Dodoma mwaka 1994 na udaktari wa mizabibu kutoka Ulaya, akakuta serikali imesimamisha ajira. Hakununa. Alikuja kwenye kituo chetu kidogo cha utafiti, njia ya Makutupora, akamwomba mkuu wetu, Mzee Batholomeo, nafasi ya kujitolea. Akapewa kiti kibovu na shamba la mizabibu iliyokuwa ikinyauka. Msimu wa pili mizabibu ile ilizaa hadi vibarua wakaishiwa makasha.

Mimi Khamisi ni karani wa masijala, na nasema wazi kwamba nilimpenda kwa sababu alikuwa akirudisha majalada. Wasomi wengine huyahamishia nyumbani kwao.

Mwaka 1996 gazeti lilitangaza kazi moja: mtafiti mwenye udaktari, miaka miwili, chuo kikuu kule Morogoro, mshahara na maabara. Evelina alijua kazi ya aina hiyo haitangazwi mara mbili. Akaandika barua, akaambatanisha vyeti, akaniletea niitume.

"Dada, barua haitoki humu bila kupitia kwa mkuu," nilimwambia kwa ukali, maana utaratibu ndio ulionilisha miaka yote. "Kaichape upya, uandike juu 'Kupitia kwa Mkuu wa Kituo'."

Akaichapa. Nikaiweka mezani kwa Mzee Batholomeo. Kabla hajaigusa akaletewa habari kwamba mama yake amefariki. Akazoa karatasi zote mezani, akazitia kwenye mkoba, akaondoka kwenda Chemba. Ilikuwa Jumatatu, na mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa.

"Tungoje," nikasema. Evelina alinitazama mpaka nikatamani kujificha kabatini. Kesho yake tulipanda lori la kwenda Chemba.

Sasa nani atamtajia mfiwa habari za barua? Evelina alitoa pole, akafunga kanga kiunoni, akaingia jikoni na wanawake. Siku mbili alisonga ugali na kuchota maji, barua hakuitaja. Mimi nilikaa jamvini na wanaume nikiona aibu tupu.

Alhamisi asubuhi, matanga yalipokwisha, Mzee mwenyewe akamwita.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, daktari. Umetusaidia sana. Lakini uso wako una jambo jingine."

Evelina akainamisha kichwa. Ikabidi niseme mimi. Mzee akaitoa barua mkobani, akaisoma polepole, akanigeukia.

"Khamisi, huyu ni mtumishi wa serikali?"

"Hapana, Mzee. Anajitolea."

"Basi barua yake ilikuja kwangu kufanya nini?"

Miaka kumi na tisa ya masijala, na hilo sikuliona. Nilitamani ardhi inimeze pale pale, mbele ya wafiwa.

Lakini Mzee hakuirudisha hivihivi. Aliiweka kwenye goti, akaandika kitu pembeni kwa kalamu, ndipo akampa. Evelina aliposoma alijifuta macho kwa upindo wa kanga.

Ijumaa aliifikisha Morogoro kwa mkono wake. Waombaji wengine walikuwa na machapisho mengi kumshinda, lakini kazi akapata yeye. Profesa aliyemhoji alimwambia kwamba maneno ya pembeni ndiyo waliyoyajadili muda mrefu kuliko yote. Niliyasoma kwenye nakala aliyonitumia niiweke jaladani:

"Hakuhitaji ruhusa yangu. Mimi ndiye ninayemhitaji, na sina ajira ya kumpa. Mchukueni upesi, kabla sijabadili nia."