Wembamba wa Janeffer

Janeffer Chepkurui alitoka Sosiot kwenda chuo kikuu na mwili wa kwao, mwili wa maziwa na ugali, na wenzake wa hosteli wakamfanya kichekesho. Kitanda kikilia, walisema Janeffer anageuka. Wasichana wale walikuwa na ndimi za wembe, naye, badala ya kuwapuuza, akawaamini. Akaacha chakula cha mchana, kisha cha jioni, akabaki na chai ya rangi na chungwa. Wakaanza kumwazima sketi zao. Akajiona amefika.

Likizo ya Agosti tisini na sita, jamaa za Bethwel, mwalimu wa Kapkatet aliyependana naye tangu sekondari, walikuwa waje kumposa. Janeffer alimtaka Bethwel kuliko digrii yenyewe. Alirudi nyumbani kwa maringo, akingoja kusifiwa.

Nani amsifu? Miaka ile msichana alikonda kwa jambo moja tu, na jambo hilo halikutajwa kwa jina. Wanawake waliobeba majani kwenda kituo cha kuuzia chai walimpa pole kwa mbali, bila mkono. Mama yake, Tecla, alimtazama shingo, akaingia jikoni kulia.

"Nilijinyima mwenyewe, Mama."

"Nani anajinyima chakula na kiko?"

Siku ya wageni Tecla aliamua wamwone akila. Akampakulia mlima wa ugali na nyama yenye mafuta, akamketisha mbele ya shangazi wa Bethwel. Janeffer alikula, maskini, alikula kama anayeapa mahakamani. Lakini tumbo lililozoea njaa halina adabu. Alikimbia nje, na wote wakamsikia akitapika nyuma ya nyumba.

Aliporudi, vikombe vya mursik, maziwa ya kibuyu, vilikuwa vimejaa vilevile. Mgeni wa posa asiyeonja mursik ameshajibu.

"Mficha maradhi kilio humuumbua, mama Janeffer," shangazi alisema akifunga leso. "Tutarudi akipona."

Bethwel, mwanamume jina tu, alimfuata bila kugeuka.

Tecla hakumgombeza mwanawe. Alichukua sahani yake na kikombe chake, akavisugua kwa majivu, akaviweka rafu ya juu, mbali na vya wadogo zake.

"Hivi ni vyako," akamwambia kwa upole. "Usichanganye."