Siku Niliyomsemesha Mkwe Wangu

Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawasemeshani. Akiingia uani, mimi napita nyuma ya jiko. Akitaka kitu anamwambia mke wake, na mke wake ananiletea maneno. Nilifuata desturi hiyo tangu binti yangu aolewe. Nikaivunja siku moja, na mpaka leo sijaomba msamaha.

Huyo mkwe anakaa Makoko, anafanya kazi ofisini Musoma mjini. Ni mtu mwema, hajawahi kumnyanyulia binti yangu mkono. Ila hakuna jambo asilolijua. Ng'ombe akikohoa, anajua. Kisima kikikauka, anajua. Kuku wangu wakigoma kutaga anasemaga wamepungukiwa vitamini, na yeye hajafuga hata njiwa. Mimi niliishia darasa la tatu. Nikiulizwa nisilolijua, nasema sijui, na mdomo wangu haujapungua kitu.

Tulifiwa na wifi yangu huko Butiama. Mwaka ule mahindi yalikauka, kwa hiyo chakula cha msiba kikawa muhogo wa shamba langu, ule mchungu. Niliumenya, nikauvundika: unaurundika, unaufunika majani siku kadhaa mpaka uote ukungu mweusi, halafu unaukwangua na kuuanika juu ya mwamba. Bila hivyo, muhogo ule ni sumu. Niliuacha umefunikwa, nikaenda Bunda kuwachukua ndugu wengine.

Niliporudi siku ya tatu, rundo langu halipo. Binti yangu akasema mumewe ameona ukungu, akasema unaleta kansa, amesoma kwenye simu. Aliagiza lote litupwe shimoni, wachimbe muhogo mwingine, wakate vipande vyembamba, waanike, watwange. Unga ukatoka mweupe kweli. Wanawake waliokuzwa na muhogo toka matumboni mwa mama zao wakatii, kwa sababu msemaji ana diploma. Hilo liliniuma kuliko yeye mwenyewe.

Maji yalikuwa yanachemka. Watoto wa msiba walishanawishwa, wamekaa mkekani, maana wao ndio wanatangulia kula. Nikaweka unga kidogo kwenye ulimi. Uchungu ukashuka mpaka kooni. Nikabeba beseni la unga.

Binti yangu akanishika mkono. "Mama, usimwaibishe baba watoto mbele za watu."

"Niachie."

Nikaingia nalo chini ya turubai, walipokaa wanaume. Wazee wakaangalia chini. Mkwe akainuka, akanipa mgongo, kama desturi inavyotaka. Basi nikauambia huo mgongo.

"Mkwe, geuka. Huu unga ni wako. Onja wewe kabla ya watoto."

Hakugeuka. Akamwambia mkewe, aliyekuwa amenifuata nyuma, "Mwambie mama, wataalamu wanasema ukungu ni hatari."

"Hao wataalamu wamekaa mkeka upi?" nikamuuliza. "Mimi pale naona watoto tu."

Shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu, akachota unga kwa kidole, akaonja, akatema pembeni. Alichukua beseni mikononi mwangu, akaenda kulimwaga shimoni yeye mwenyewe.

Tukaazima mtama kwa jirani, ukasagwa, uji ukaiva jioni. Watoto walilia njaa mchana kutwa. Niliwasikia wanawake wakinong'ona kwamba bibi ana roho ngumu, anawatesa watoto kwa ubishi wake. Nikaendelea kukoroga. Mtoto anayelia ana pumzi.

Kesho yake shemeji huyo huyo aliniita mbele ya wazee. Akasema unga ulikuwa mbaya kweli, lakini mama mkwe hamfuati mkwe kwenye baraza la wanaume, kwa hiyo nitoe mbuzi wa faini.

"Mbuzi nitatoa," nikasema, "desturi ni ya wote. Lakini msingoje niombe samahani. Angeendelea kunipa mgongo, ningemzunguka."

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mbuzi nilimtoa, jike, mnono.

Msiba ulipoisha binti yangu akaniletea maneno. Mumewe anauliza, muhogo unavundikwa siku ngapi?

Nikamwambia siku tatu au nne jua likiwa kali, kukiwa na baridi, zaidi ya hapo, mpaka ulainike wote. Na asiwafundishe watu wa Makoko kabla hajavundika wa kwake.