Sengi Alifukuzwa kwa Kifo Kilichoanzia Chumba cha Upasuaji

Admin, nifichie jina, maana kaka zangu wanausoma ukurasa huu. Nina miaka arobaini na tatu, ni mama wa watoto watatu, nauza vitenge hapa Somanda, Bariadi.

Mama yangu alifariki miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia vijijini kwetu, nikiwa shule ya msingi. Alikuwa mtu wa kuchoka. Asubuhi anapalilia vizuri, jioni kope zinamwangukia na hata uji unampalia. Tulidhani ni kazi za shamba. Siku moja utumbo ukajisokota, akapasuliwa kwa haraka. Aliporudishwa wodini tukaambiwa bado ana usingizi wa dawa, tumwache alale. Aliyekaa naye ni sengi, yaani shangazi yetu, dada yake baba. Alimshika mkono, akampaka mafuta miguuni kwa sababu ilikuwa ya baridi. Kabla jua halijazama mama akakata roho, bila kulia, bila hata kujitikisa.

Msibani yakaanza maneno kwamba sengi ndiye wa mwisho kumgusa, na mafuta yale hayakuwa ya bure, yalikuwa na uchawi. Hakuwa na mume wala mtoto wa kumtetea. Baba alinyamaza. Kaka yangu mkubwa alimtolea vitu nje, akamwambia asikanyage tena pale. Sengi akaenda Malampaka, akapanga chumba karibu na stesheni, akaishi kwa kuuza maandazi. Hata baba alipofariki hakuruhusiwa kuja kuzika.

Sasa mimi nina uvimbe kwenye kizazi, lazima nipasuliwe. Daktari wa usingizi aliponiona kope zimelegea akaniuliza maswali mengi, nikapimwa, nikaonekana nina ugonjwa wa misuli kukosa nguvu. Nikamsimulia habari za mama. Akanieleza kwamba kwenye upasuaji mkubwa hutumika dawa ya kulegeza misuli, ikiwemo ile ya kupumulia. Kwa mwenye ugonjwa huu, dozi ndogo tu inaweza kukaa mwilini muda mrefu. Kwangu watatumia kidogo sana, watakuwa wanapima nguvu ya misuli kwa kifaa kwenye mkono, watatoa dawa ya kuirudisha, na hawatachomoa mpira wa kupumulia mpaka wahakikishe napumua mwenyewe.

"Siwezi kuapa kwa mgonjwa nisiyemwona," akasema, "lakini inawezekana mama yako hakuwa amelala. Huenda alikuwa macho, ameshindwa kusogea na kuvuta hewa."

Nililia sana. Nikampigia kaka mkubwa nikamweleza yote. Akasema madaktari wana maneno yao na sisi tuna yetu, na nikimrudisha yule mwanamke, yeye kaka hatakanyaga hospitali siku yangu ya kupasuliwa. Kaka zangu wengine wanamfuata yeye. Mume wangu alishafariki, hao ndio ndugu nilio nao.

Hata hivyo nilikwenda Malampaka. Sengi amezeeka, mgongo umepinda. Alinikaribisha kama aliyeniona jana, akanipisha kwenye kigoda chake. Nilidhani nikimwambia ukweli atafurahi kwamba jina lake limesafishika. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa mapajani, kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo wifi alikuwa ananisikia?"

Nikamjibu kwamba huenda alikuwa anasikia.

"Nilimwambia alale salama, asihangaike," akasema. "Nilidhani amechoka."

Akafunika uso kwa khanga. Nimekwenda kumpa nafuu mtu aliyefukuzwa bure, nimemwachia kidonda kipya.

Nataka aje akae nyumbani kwangu, na nikirudishwa wodini awe yeye pembeni ya kitanda. Lakini nikimleta nawapoteza kaka zangu, na nisipoamka, wanangu watalelewa na nani? Tena sijui kama yeye mwenyewe ataweza kukaa tena pembeni ya mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Ndugu zangu, nishaurini. Nifanye nini?