Fundi Cherehani na Chanjo ya Mafua

Idara ya afya imetangaza, kwa wino mwekundu na muhuri, kwamba uamuzi wa kuchanjwa mafua ni wa mama mjamzito mwenyewe, na mtu mwingine yeyote asimwingilie.

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa zahanati. Ng'ambo ya barabara alishona fundi cherehani mmoja, mwenye mimba ya miezi sita. Mwaka uliopita mafua yalimlaza hoi wiki mbili, na safari hii alihofia kwamba wangeugua wawili.

Fundi huyu hubana pini midomoni anapompima mteja nguo, kwa hiyo wenye ushauri walipenda kumvizia akiwa kazini.

"Usithubutu, mwanangu," alisema mama mkwe. "Mimi nimezaa saba, sindano naisikia tu."

"Mmh," alijibu fundi.

"Kachanjwe, mke wangu, haiumi hata kidogo," alisema mume, ambaye akichomwa na mwiba mtaa mzima hupata habari.

"Mmh."

Wote wawili waliondoka wameridhika kabisa.

Jumatano fundi alitema pini, akavuka barabara, akamuuliza nesi maswali manne kuhusu mtoto tumboni. Majibu yalimtosha.

"Nyumbani wamekubali?" aliuliza nesi.

"Wamekubali na wamekataa, dada. Wewe choma."

Nesi alicheka, akamsogezea fomu. Fundi akatia sahihi yake, kisha akapandisha mkono wa gauni. Nafasi ya sahihi ilikuwa moja tu, na chini yake palichapwa: Mume.