Samaki wa Mimba ya Kwanza

Majina ya wote waliokuwamo katika kisa hiki nayakumbuka, hata la paka wa jirani, lakini humu siyaandiki. Wana wajukuu sasa.

Nilifika Stockholm mwishoni mwa miaka ya sitini, kumfuata mume wangu aliyekuwa akisomea ufundi wa mitambo. Tulipanga Hässelby, karibu na ziwa Mälaren. Sote wawili ni watu wa Ukerewe, basi kuliona ziwa tu kulitupa nafuu. Jirani yetu, mzee wa Kiswidi mwenye boti ya makasia, akamfundisha mume wangu kuvua gös. Huyo gös ukimwona leo utadhani ni sangara aliyekonda: meno makali, macho kama kioo, nyama nyeupe. Mzee alikuwa akimtania kwamba asipoacha kuwasemesha samaki Kiswahili hawatagusa chambo.

Nikashika mimba, ya kwanza. Mama mkwe akaandika barua: mke apewe supu ya samaki, na kichwa ale yeye peke yake. Mume wangu akaichukua kama amri. Kila mwisho wa juma aliniletea gös, akakaa mbele yangu mpaka nimalize kunyonya mifupa, ndipo naye ale mkia.

Mimba ilipofika miezi sita tulikwenda kliniki. Kiswidi sikukijua, yeye ndiye mkalimani wangu. Mkunga alizungumza kwa kirefu, akatupa karatasi. Mume wangu akaikunja, akanipa. Nikamuuliza amesemaje.

"Anasema ule vizuri."

Maneno yote yale, kumbe ni hayo tu? Tangu siku ile hakwenda tena ziwani. Alisema samaki wamepungua.

Karatasi nilibaki nayo mkobani. Akaja kunitembelea dada mmoja Mtanzania, mwanafunzi wa uuguzi aliyekaa Tumba, kusini mwa jiji, nikampa anisomee. Aliisoma mara mbili.

"Shemeji hakukuambia?"

Akanieleza. Viwanda vilikuwa vimemwaga zebaki majini miaka mingi. Samaki wakubwa, wale wanaokula wenzao, wameibeba mwilini. Mjamzito asiwale, maana sumu ile humfika mtoto kwenye ubongo.

Mume wangu aliporudi nilimwekea karatasi mezani. Nilikuwa na hasira ya kumpiga. Nikamuuliza kwa nini alinificha.

Akakaa na koti lake mwilini. "Ningesemaje? Ni mimi niliyekulisha."

Kesho yake nikamwambia twende tena kwa mkunga, na safari hii aseme yote, vichwa na supu. Akasema. Mkunga akamsubiri amalize. Mwisho mama yule akasema hawezi kutuahidi kitu, tungojee mtoto.

Alizaliwa msichana, akalia vizuri. Lakini kungoja hakukuishia pale. Nilimkuta mume wangu akipiga makofi nyuma ya mtoto, aone kama atageuka. Mimi nami nilifanya vivyo hivyo yeye akitoka. Watoto wenzake wakitambaa, wetu ameketi. Wakisimama, wetu anatambaa. Hatukusemezana juu ya hilo, hata kitandani.

Alitembea akiwa na mwaka na miezi mitano, kutoka mlango wa jiko mpaka miguuni pangu. Baba yake aliona. Akatoka nje kwenye ngazi za jengo, akaufunga mlango nyuma yake. Nilimsikia akilia kule. Sikumfuata. Nilimbeba mtoto nikamrudisha pale mlangoni pa jiko, atembee tena.