Nilikataa Sindano ya Mgongo, Mtoto Akapata Jina la Mla Majembe

Nimekosa jameni, na niliyemkosea hata meno hana! Acheni niseme, la sivyo nitapasuka.

Mtoto alikuwa ametanguliza makalio, kwa hivyo hospitalini Homa Bay wakaamua nipasuliwe. Daktari wa ganzi akanieleza vizuri: "Tukikudunga mgongoni utakuwa macho, na mtoto hatalewa dawa. Tukikulaza kabisa, dawa inaweza kumfikia azaliwe amelegea."

Mama mkwe akanivuta kando, akaniita binti wa kwetu Rongo. "Nyar Rongo, mgongo uguswe? Hutabeba jerikeni tena! Nani atalima?"

Na mimi, niliyemaliza kidato cha nne, nikamsikiza! Mama aliyezalia watoto wake wote nyumbani! Hiyo habari ya mgongo alipewa na muuza omena, wale dagaa wa ziwani.

Nikamwambia daktari, "Nilaze." Akanisihi. Nikakaza shingo kama punda wa Kisegi.

Kumbe mtoto alitoka kimya, amelegea kama sukuma wiki ya juzi. Sista akamsugua, akamsukumia hewa kwa maski. Mwanangu anatafuta pumzi, mama yake anakoroma! Hapo ndipo sicheki.

Mwishowe akalia. Alipoletwa nje kwa mama mkwe, bado analia. Na kwetu Waluo, mtoto akilia hivyo anaitiwa majina ya waliokufa. Jina atakalonyamazia, hilo ndilo lake. Nilikuwa nimepanga kumwita jina la marehemu baba yangu. Lakini mdomo wangu ulikuwa usingizini!

Mama mkwe akataja majina ya wafu wa boma lake tu. Kufika "Nyangweso," mtoto kimya!

Nyangweso! Babu ya mume wangu, aliyeazima majembe ya Rodi Kopany nzima akafa bila kurudisha hata moja!

Niliamka ulimi mzito, nikauliza, "Baba yangu ameletwa?" Sista akadhani nimerukwa na akili.

Jirani yangu wa wodi alidungwa mgongoni. Alisikia mtoto wake akilia, akamwitia majina yeye mwenyewe. Juzi nimempata sokoni na gunia la viazi vitamu kichwani, mgongo wima!

Wasichana, mambo ya ganzi ulizeni mwenye ganzi. Mama mkwe muulizeni bei ya omena.

Mwanangu sasa ni mzima, ananyonya kama ndama, namshukuru Mungu. Lakini hakuna mgeni anayekuja kumwona bila kumwinamia: "Nyangweso, jembe yetu iko wapi?"

Na yeye, huyo mla majembe wangu, anacheka!