Njiwa wa Mlandege Wenye Mabawa Yaliyopinda

Basi la kutoka Mbeya lilikuwa likikwea kutoka Ipogolo, na sisi majirani zake tuliomsindikiza, wageni wa Iringa, tumebandika nyuso dirishani, Batuli alipokumbatia begi lake la kamera na kutangaza kwamba safari hii hadanganywi na mtu.

Hasira yake ilikuwa na mizizi. Kwa miaka kumi na minne amepiga picha za ndege wa kwetu Ubaruku, na kalenda zake zimetundikwa hadi kwenye mashine za kukoboa mpunga. Masika yaliyopita korongo taji alitaga kando ya majaruba ya mpunga ya mzee Sedekia. Kila Batuli alipobonyeza, kioo cha ndani ya kamera yake, aliyouziwa akiambiwa haina kelele, kiliruka, kwaa! Mara ya nne ndege akaondoka moja kwa moja, mayai yakaliwa na kenge. Mwaka huu korongo katua tena, na Sedekia, anayeamia kwelea wasile mpunga kutwa nzima lakini korongo humwita mgeni wake, amesema: "Akikimbia tena, mwanangu, usikanyage shamba langu."

Kwa hiyo ilitakiwa kamera isiyo na kioo, iliyo kimya, itakayomnasa korongo akishuka kiotani.

Junaid, mwenye duka pale Mlandege, alimwekea mezani kamera mpya.

"Megapikseli arobaini na tano, dada. Ukiipiga bustani ya Kitulo unahesabu ua moja moja."

"Kelele?"

"Hakuna. Ila watu wa harusi nawawashia mlio. Bibi harusi asiposikia kitu anadhani hapigwi."

"Mimi sipigi harusi."

"Utaanza tu."

Duka zima likacheka. Batuli hakucheka. Mwanamume akishika lenzi ndefu huulizwa habari za simba; kwa nini yeye kila duka anaulizwa habari za shela?

Akaomba kuijaribu nje.

"Nje kuna vumbi, dada."

"Na majarubani kwetu kumetandikwa zulia?"

Akaacha kamera yake ya zamani kama dhamana, akaifunga lenzi yake kwenye ile mpya kwa adapta, akasimama kwenye ngazi za mlangoni. Njiwa waliotulia juu ya bati la jirani walitoka safi. Waliporuka naye akawafuata kwa kamera, pichani mabawa yalipinda kama mundu, na nguzo ya umeme nyuma yao ikalala upande.

"Huyu njiwa kafanywa nini?"

Junaid akakuna shingo. "Ikiwa kimya inasoma picha mstari kwa mstari. Kitu cha kasi kinapinda kidogo. Kawaida."

"Ulijua."

"Hukuuliza."

"Tangu nimeingia nasema ndege. Ulidhani wa kwetu wanakwenda kwa miguu?"

Safari hii duka lilimcheka Junaid. Batuli akaonyesha kamera iliyotumika, yenye mikwaruzo, iliyosukumwa rafu ya chini.

"Hiyo, sensa yake ya kusomea picha ina kasi," Junaid alikiri, "lakini megapikseli ishirini na nne tu. Kwa mandhari utajuta."

"Mlima haukimbii, kaka. Nitaupiga vipande vipande, nivishone kuwa picha moja."

Akaijaribu palepale kwenye ngazi. Kimya, na mabawa yamenyooka. Akaongeza fedha juu ya ile ya zamani, wakamalizana.

"Na hiyo mpya," alisema akifunga begi, "atakayekuja mwambie inapindisha mabawa."

Batuli akaingia kwenye bajaji kuwahi basi la kurudi, maana korongo hangojei mtu. Sisi, tuliopanga kulala mjini, tulibaki kwenye ngazi, tukimtazama Junaid akiipangusa ile kamera mpya na kuirudisha mbele kabisa, dirishani.